Mtoto akikuta korongo limejaa, atalala wapi?

Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati habari za kimbunga Hidaya zikisomwa kila saa redioni, mama yangu alinipigia simu kutoka Tumati. Ayo, kama tunavyowaita mama zetu sisi Wairaqw, hapendi kupoteza salio, kwa hiyo hakusalimia sana. "Huyo Hidaya anayetangazwa ni nani, na watu wa Kilwa wamemkosea nini?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini alikuwa na sababu ya kuuliza. Dada yangu ameolewa Kilwa Masoko. Ana watoto watatu, na shemeji yangu ni mvuvi. Nikamweleza Ayo kwamba vimbunga hupewa majina kutoka kwenye orodha iliyopangwa mapema na nchi za ukanda huu wa Bahari ya Hindi, ili mabaharia na watangazaji wajue wanazungumzia kipi. Akasema sawa, lakini wangetafuta jina la mtu mbaya.

Hidaya ilifika kwenye pwani yetu, eneo la Mafia, Jumamosi ya Mei 4, 2024. Kabla ya hapo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imewatahadharisha wavuvi na wasafiri wa baharini, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Upepo ulipungua nguvu ulipokaribia nchi kavu. Mvua haikupungua. Barabara ya kwenda kusini ilikatika upande wa Somanga, mabasi yakakwama, na kwa siku kadhaa Kilwa na Lindi hazikufikika kwa gari kutoka Dar es Salaam.

Dada yangu alikuja kunisimulia baadaye kwamba usiku wa kimbunga haukumsumbua kama siku mbili za kabla yake. Bahari ilikuwa bado imetulia, jua linawaka, na shemeji anatazama ngalawa yake. Ada ya mtoto wa sekondari ilikuwa haijakamilika. Mwanamume aliyezoea kulisha watu kutoka baharini ni vigumu kumwambia akae nyumbani kwa sababu ya upepo ambao hajauona. Dada hakumwambia habari za TMA, hizo alikuwa ameshazisikia. Alimwambia: "Baba Halima, ukikaa siku nne bila kuleta kitu, mimi sitakuuliza, na mama hatakuuliza. Tumeshazungumza." Shemeji akavuta ngalawa juu, akaifunga.

Nimelikumbuka sana neno hilo wiki hii, kwa sababu vuli inakaribia, na kwa sababu nadhani ndilo neno ambalo wazazi wengi wa huku kwetu milimani hatujawahi kuwaambia watoto wetu. Nitalifikia.

Kwanza niwaondolee wasiwasi wasomaji wa Mbulu na Hanang wanaoniandikia kuuliza kama kimbunga kinaweza kupanda hadi huku. Upepo wa kimbunga hauwezi. Kimbunga hupata nguvu kutoka kwenye maji ya bahari yenye joto, na kinapoingia nchi kavu hukosa chakula chake. Hata pwani yetu huvipata kwa nadra, maana karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni ndogo mno. Vingi huzaliwa kati ya Novemba na Aprili, hupita kusini zaidi na kuishia Madagaska au Msumbiji. Lakini nadra si kamwe. Kimbunga kiliipiga Unguja Aprili 15, 1872. Kingine kiliipiga Lindi tarehe hiyohiyo mwaka 1952. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa sababu ya Kenneth, ambacho kilikwenda kutua Msumbiji, ng'ambo ya mpaka.

Kinachotufikia sisi wa milimani ni maji. Wazazi wenzangu, mkumbuke kimbunga Freddy cha Februari na Machi 2023. Malawi haina bahari, hata hivyo ndiko Freddy ilikoua watu wengi zaidi. Ilipofika huko upepo ulikuwa umeshachoka, lakini ilimwaga mvua kwa siku mfululizo, na vilima vya Blantyre vikashuka pamoja na mawe juu ya nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 600 walithibitishwa kufa na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena.

Miezi tisa baadaye ikawa zamu yetu. Mvua ya vuli ya mwaka 2023 haikuwa ya kimbunga. Ilikuwa ya El Nino, pamoja na maji ya Bahari ya Hindi upande wetu kuwa na joto kuliko kawaida, na TMA ilikuwa imesema mapema kwamba vuli hiyo ingekuwa kubwa. Jumapili ya Desemba 3, 2023, asubuhi mapema, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakapita Gendabi na Jorodom na kuingia mjini Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wapo waliosema ni volkano imeamka. Serikali ilipochunguza ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko, ni miamba dhaifu iliyonyonya maji ikashindwa kubeba uzito. Kwa jinsi tope lile lilivyokuja, hapakuwa na muda wa kuulizana nani ambebe nani.

Kutoka kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yetu Tumati, siku ya anga safi, Hanang inaonekana. Ayo alisema kwamba wiki ile nzima hakupenda kuangalia upande huo.

Sasa, nyumba nyingi za wasomaji wangu hazipo chini ya mlima mkubwa. Zipo karibu na korongo. Na korongo halitangazwi redioni.

Nikiwa darasa la tano, mdogo wangu akiwa la kwanza, tulikuwa tunavuka korongo moja asubuhi na jioni. Asubuhi lilikuwa mchanga mtupu, tulipita tukirusha mawe. Siku hiyo shuleni haikunyesha hata tone. Tulipofika korongoni jioni tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi na matawi ndani yake. Mvua ilikuwa imenyesha juu, vilimani, mbali na sisi. Ndivyo korongo lilivyo: linakuletea mvua ya watu wengine.

Tukakaa ukingoni kusubiri yapungue. Jua likaanza kuzama. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na maelezo: giza likiingia, uwe ndani. Nilikuwa najua maji yale ni mabaya, mtu asiniambie kwamba watoto hawajui. Nilipima kati ya maji na fimbo, nikachagua maji.

Nilimbeba mdogo wangu mgongoni. Katikati mguu ukateleza kwenye jiwe, tukaanguka wote wawili. Mimi nilishika mzizi. Yeye alipita. Mzee mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe upande wa pili alimnasa kwa shati, hatua kama ishirini chini, akamtoa akiwa anatapika maji. Mkoba wa madaftari ulikwenda moja kwa moja.

Tulipofika nyumbani usiku hatukusema kwamba mdogo wangu alizama. Tulisema madaftari yameangukia majini. Tukachapwa kwa ajili ya madaftari.

Baba alikuja kuijua habari hiyo nikiwa nimeshamaliza chuo, tumekaa tunakula, mdogo wangu akaropoka akidhani ni hadithi ya kuchekesha. Baba aliweka kijiko chini, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Ni mtu mwema baba yangu. Alitaka watoto wake wafike nyumbani salama, na sheria aliyoiweka kwa ajili hiyo ndiyo iliyotuingiza majini.

Kwa hiyo ombi langu kwako mzazi, kabla vuli haijaanza, ni dogo. Mwambie mtoto wako, kwa maneno kamili, kwamba ana ruhusa ya kutorudi nyumbani. Mwambie hivi: "Ukikuta korongo limejaa, usivuke. Usisubiri ukingoni. Rudi ulale kwa mama fulani. Hata ukija kesho saa sita mchana, sitakuchapa wala sitakugombeza." Usiseme tu "uwe mwangalifu". Neno hilo mtoto amelisikia mara elfu na halimwambii aende wapi.

Hiyo nyumba ya mama fulani isiwe ya kubahatisha. Nenda naye mpaka pale, mwenye nyumba amwone, mkubaliane. Hapa tusifumbiane macho: iwe nyumba unayoiamini kiasi cha kumwacha binti yako alale. Kama hujaipata upande ule, zungumza na mwalimu anayeishi jirani na shule, au wazazi wa upande wenu mkubaliane nyumba moja ya mtu mzima mnayemheshimu wote. Mwenye nyumba awe na namba yako, nawe uwe na yake. Pale ambapo mtandao unapotea mvua ikinyesha (nafahamu vijiji hivyo, msinitajie), makubaliano ya mapema ndiyo simu yenyewe: mtoto asipofika na korongo limejaa, unajua yuko wapi.

Baba mmoja niliyemweleza haya aliniambia watoto watapata kisingizio cha kuzurura. Huenda mmoja atakipata. Korongo halifichiki, utakwenda kuliangalia na utajua kama alisema kweli. Na akidanganya, utakuwa na mtoto wa kumkanya.

Watu hudhani maji ya hatari ni yale ya kifuani. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu, na magoti ya mtu mzima ni mapaja ya mtoto wa darasa la kwanza. Gari dogo linaweza kusukumwa na maji yasiyofika hata magotini. Ndugu zangu wa bodaboda mnaopakia wanafunzi watatu na kusema "shikilieni, tunapita", naomba mlisome tena aya hii. Mzazi unayelipa hiyo boda, mpe dereva ruhusa ileile: ukikuta maji, usipite, nauli yako iko palepale.

Kuhusu taarifa za TMA, wengi tunazipokea kwenye makundi ya simu, tunasambaza, tunaendelea na mambo yetu. Zitazame rangi zake. Njano ni angalizo: hali inaweza kuharibika, fuatilia. Rangi ya machungwa ni tahadhari: sasa panga, watoto wasitumwe mbali. Nyekundu ni tahadhari kubwa, na hapo kama unaishi chini ya mteremko au ukingoni mwa mto, usingoje ushahidi. Taarifa ikiutaja mkoa wa Manyara, usitazame anga la juu ya paa lako pekee. Tazama vilima ambako korongo lenu linaanzia.

Kwa nyumba iliyo chini ya mlima, zungumzeni pia nani anambeba nani. Inaonekana ni jambo la kila mtu kujua, lakini muulize mumeo leo usiku, utashangaa jibu lake. Bibi anashikwa na nani? Mtoto mwenye ulemavu je? Ukiona nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zimeinama, au maji ya chemchemi yamegeuka tope ghafla, ondokeni kwanza, ubishi baadaye. Na ukimbilie pembeni ya njia ya tope. Ukishuka nalo, lina mbio kuliko wewe.

Wekeni mfuko mmoja wa plastiki mahali pa kushika gizani. Vitu vya kuweka vinajulikana, tochi, blanketi, vyeti, nisiwachoshe. Mimi kama mwandishi wa afya nasisitiza viwili. Kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu bila hiyo hakuna anayejua chanjo alizokwishapata. Na dawa za kila siku: za kifafa, kisukari, shinikizo la damu, ARV. Barabara ikikatika siku tano, mtoto mwenye kifafa asiyekuwa na dawa anaweza kuanguka jikoni au kisimani. Mkienda kuchukua dawa msimu huu, mweleze mhudumu mnakoishi na muulize kama anaweza kuwaongezea za wiki moja au mbili mbele.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua na anaishi ng'ambo ya korongo asisubiri uchungu. Aende kwa ndugu aliye karibu na kituo, au nyumba ya kusubiria wajawazito pale ilipo. Dharura ikitokea, 115 ni namba ya bure ya usafiri wa wajawazito na watoto wachanga. Zimamoto na uokoaji ni 114.

Mvua ikishapita ndipo kazi ya mama inapoanza, na hapo ndipo watoto wengi huugua. Mafuriko yanapita vyooni kabla hayajafika kisimani. Maji yanayoonekana safi siku mbili baada ya mafuriko usiyaamini. Yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, halafu yachemshe. Sisi tunaoishi juu sana tuyaache yatokote dakika tatu, maana mlimani maji hutokota kabla ya kufikia joto la maji ya pwani. Dada yangu wa Kilwa dakika moja inamtosha, na hilo huwa analitaja kama ushindi. Anayetumia vidonge vya kutibu maji asome kwenye pakiti ni lita ngapi kwa kidonge, na asitie kidonge kwenye maji ya tope. Tope linakula dawa.

Mtoto akiharisha, mpe ORS mapema, usingoje macho yaingie ndani. Pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Ukiwa huna pakiti, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kituoni omba na zinki, anywe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Akiharisha maji kama ya mchele, au hana nguvu ya kunywa, huyo apelekwe kituoni sasa hivi.

Baridi nayo. Tumati si Kilwa. Mtoto mchanga aliyeloa mvua ya huku anaweza kupoa mwili hata asilie. Vua nguo zote mbichi, mkaushe, mvishe kofia, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunikwe wote wawili. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Ile hewa haina harufu na imeondoka na familia nzima nzima zilizokuwa zinatafuta joto.

Halafu kuna mtoto ambaye hana jeraha lolote lakini mawingu yakijikusanya anashika nguo yako. Anakojoa kitandani wakati alishaacha. Hataki kwenda shule. Wengine wanacheza mchezo wa kuzika watu kwa udongo. Usimchape na usimcheke. Usimwahidi kwamba mvua kubwa haitakuja tena, kwa sababu itakuja na utakuwa mwongo. Mwambie lililotokea kwa maneno ya umri wake, na mwambie mtakavyofanya ikija: nani atambeba, mtakwenda wapi. Mpe kazi ndogo, kama kubeba tochi. Mrudishe kwenye saa zake za kula, kulala na kucheza. Wengi hutulia baada ya wiki chache. Ukiona mwezi umepita na bado halali au hasemi, mpeleke kituoni na useme wazi kwamba tatizo ni hofu, usiseme ana homa ili upokelewe.

Mdogo wangu, yule aliyeokolewa kwa shati, sasa ana watoto wawili wanaovuka korongo lilelile. Wiki iliyopita nilimpigia Ayo kumuuliza kama wameshapata nyumba ya upande wa pili. Akanijibu kama mtu aliyeulizwa swali la jana. Alishakwenda yeye mwenyewe mwezi uliopita, kwa mjane wa yule mzee aliyekuwa anakata majani. Amepeleka debe la mahindi na blanketi moja la kukaa hukohuko. Mjane alilikataa debe, akachukua blanketi.